Nahamia Dodoma kutoka Dar, kazi ni Mtumba: kwa upande wa barabara tuishi wapi na tujiandae vipi?

Mbezi_Mwisho

Wakuu, habari za leo. Mwenzangu amepangiwa kazi Mji wa Serikali, Mtumba, na tunatakiwa tuwe Dodoma kabla shule hazijafunguliwa Januari. Tuna watoto wawili, wa miaka 4 na 9, na gari letu ni Toyota IST. Leseni yangu ina miaka 2, na karibu kilomita zangu zote ni za ndani ya foleni ya Dar.

Habari za kodi na viwanja nimeshazisoma vya kutosha. Kinachoninyima usingizi ni barabara. Ni upande gani wa mji unaompunguzia mtu hatari ya kwenda Mtumba na kurudi kila siku? IST iandaliwe vipi? Na dereva wa Dar akifika Dodoma, anakosea wapi?

---

Nzuguni_B

Karibu sana Dodoma, mkuu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine.

Dereva wa Dar anaogopa foleni, na asipoiona anajihesabu salama. Foleni ya Ubungo inachosha, lakini inakubana kwenye kilomita 15 au 20 kwa saa. Mkigusana ni bampa na taa. Dodoma barabara kubwa ni pana, lami nyingi bado mpya, na gari linaweza kukimbia 80 mahali ambapo kuna mama anavuka na ndoo kichwani. Mtu akigongwa na gari lenye mwendo wa 30, mara nyingi hupona. Likiwa kwenye 60 au 70, mara nyingi haponi. Hofu yako uihamishe kutoka kwenye foleni iende kwenye mwendo.

Halafu mji umejaa wageni. Sensa ya 2012 ilihesabu Dodoma Mjini watu 410,956. Ya 2022 ikakuta jiji lina watu 765,179. Kwa hiyo mbele yako kuna mtu anayetafuta kona ya ofisi asiyoijua, anafunga breki bila indiketa. Pembeni kuna mzee anayevuka njia ileile tangu ikiwa ya vumbi, na anaivuka kwa mwendo uleule wa zamani, akikadiria magari kwa macho ya zamani. Hakuna mwenye kosa la makusudi hapo. Barabara imebadilika haraka kuliko watu wake.

Sasa makazi. Mtumba iko mashariki, barabara ya kwenda Morogoro na Dar. Ukipanga Nkuhungu au Nala, upande wa Singida, kila asubuhi unaukata mji mzima. Miyuji na Msalato zinakushusha kwa barabara ya Arusha hadi mjini kabla ya kugeukia mashariki. Kisasa, Ilazo, Ipagala, Njedengwa, Iyumbu na Nzuguni ziko upande wa kazi, unaepuka vipilefti vya katikati.

Lakini kabla ya kulipa kodi, angalia jua. Unaenda mashariki asubuhi na kurudi magharibi jioni, kwa hiyo linaweza kukupiga usoni mara mbili kwa siku. Kuanzia mwisho wa Januari hadi Agosti, Dodoma jua linachomoza baada ya saa 12 na nusu. Anayetakiwa ofisini saa 1 na nusu anakuwa njiani likiwa limesimama juu kidogo tu ya lami. Oktoba na Novemba linawahi, saa 12 na dakika kama kumi, kwa hiyo linakuwa limeshapanda. Jioni, anayetoka saa 9 na nusu au 10 hapati shida. Anayetoka saa 11 na nusu ndiye anayeendesha akiwa amekunja uso, na ni muda huohuo watu wanatoka sokoni na ng'ombe wanarudi zizini.

La pili ni upande wa barabara ambao nyumba ipo. Sisi tunaendesha kushoto. Ukirudi kutoka Mtumba jioni na nyumba yako ipo upande wa kushoto, yaani kusini mwa barabara, unakunja tu na kuingia. Ikiwa kaskazini, pasipo na kipilefti, unasimama katikati ya barabara kuu na indiketa ya kulia, semi zinakuja nyuma yako na jua linawapiga madereva wake usoni. Asubuhi mambo yanageuka: wa kusini ndiye anayekatisha. Tofauti ni kwamba yeye anasubiri akiwa kwenye njia yake ya mtaa, nje ya barabara kuu, na anaweza kusubiri hata dakika tano bila kugongwa kwa nyuma. Mimi ningechagua kusini.

Njoo siku mbili kabla ya kulipia nyumba. Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi toka kwenye geti la nyumba hiyo hadi Mtumba, jioni rudi. Hesabu ni mara ngapi umekatisha magari yanayokuja. Kipimo hicho kina maana kuliko kilomita.

---

Fundi_wa_Miguu

Mwenzangu hapo juu amemaliza habari ya jua, ila kuna sehemu yake inatengenezwa gereji. Kioo cha mbele kikiwa na mikwaruzo, jua la asubuhi linakigeuza pazia jeupe. Mikwaruzo inatokana na kuwasha waipa juu ya vumbi kavu, na Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi halikosekani. Mwaga maji kwanza, kisha ndiyo waipa. Mpira wa waipa ukiacha michirizi, badilisha kabla ya Desemba. Kioo kifute kwa ndani pia kila wiki, kwa kitambaa kisicho na mafuta. Utando wa ndani hauonekani mchana, unaonekana jua likiwa mbele yako.

Matairi. Kwenye ubavu wa tairi tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Ikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanavutia kwa sababu kashata (meno ya tairi) bado ni nene, lakini mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Likizidi miaka 6 mimi silifungi kwenye gari la safari ndefu. Ukiona nyufa ndogondogo kama za udongo mkavu karibu na rimu, usibishane na muuzaji, liache. Kina cha kashata kisipungue milimita 1.6; ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, kashata ikilingana navyo tairi limekwisha.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika, fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo. Ukipima tairi likiwa la moto litasoma juu zaidi, na wengi hapo wanapunguza upepo. Ni kosa kubwa. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja ubavuni kila linapozunguka, linachemka, na kwenye 100 linapasuka. Likipasuka usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta, gari lipungue lenyewe, kisha sogea pembeni.

Mitaa mipya ni changarawe na makorongo madogo, kwa hiyo miguu ya mbele inachoka mapema: shokapu, bushi, boljointi na stabilaiza linki. Gari likikuvuta upande mmoja ukifunga breki, hapo usisubiri kelele. Kila miezi mitatu liinuliwe, fundi atikise tairi juu na chini, halafu kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, mshuku boljointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia, ni tai rodi. Eya klina ipulizwe kila mwezi wakati wa vumbi, kutoka ndani kwenda nje, siyo kinyume chake.

Taa nazo. IST nyingi lenzi zake zimekuwa za njano. Zisuguliwe, kisha gari lisimame mita 5 kutoka ukutani na mwanga ushushwe uwe chini kidogo ya urefu wa taa yenyewe. Balbu kali ndani ya lenzi ya njano inamuumiza anayekuja mbele, na wewe mwenyewe huoni zaidi.

---

Mbezi_Mwisho

Nawashukuru sana. Sikuwahi kufikiria habari ya upande wa barabara. Mawili yaliyobaki: safari yenyewe ya kuja, maana sijawahi kuovateki semi kwenye njia mbili, na watoto, shule ikiwa mbali tutawapandisha basi la shule.

---

Dereva_Masafa

Ndugu, nikupe hesabu ya kuovateki, ikae kichwani kabla hujawasha gari.

Semi ina urefu wa mita kama 18. Iko kwenye 70, wewe unaipita kwa 90. Tofauti yenu ni 20 tu, yaani mita 5 na nusu kila sekunde. Unaanza mita 20 nyuma yake, unarudi upande wako mita 20 mbele yake, na gari lako lina mita 4. Jumla mita 62, sekunde 11. Kwa sekunde 11 wewe umetembea mita 275, na basi linalokuja kwa 80 limetembea kama mita 245. Kwa hiyo unahitaji kuona zaidi ya nusu kilomita ya barabara tupu, na hapo hujaweka akiba yoyote. Kama mlima au kona inakata macho kabla ya hapo, subiri. IST ikiwa na watu wanne na mizigo haiongezi kasi haraka, sekunde 11 zinakuwa 14.

Usiikaribie semi kwa nyuma ndipo uchungulie. Kaa sekunde tatu nyuma: semi ikipita alama fulani, hesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, ndipo wewe uifikie. Ukiwa mbali unaona mbele. Ukiibana unaona bati tu. Na indiketa ya kulia ya lori usiifanye ruhusa. Wengine wanaiwasha kukuonya usipite, wengine wanakunja kweli.

Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450, na kuanzia Morogoro ni kama 260. Njia hii inabeba mizigo ya bandari ya Dar kwenda Rwanda, Burundi na Congo, kwa hiyo semi hazikatiki. Dumila, Gairo, Pandambili, Kibaigwa, Mbande, Buigiri na Chamwino kote kuna makazi, na kwenye makazi ni 50 mpaka uone alama ya kuifuta. Kibaigwa wakati wa mavuno malori ya mahindi yanaingia na kutoka sokoni bila mpangilio, punguza hadi 40. Faini ni 30,000 kwa kosa, lakini tochi ya trafiki ya kupima mwendo isiwe sababu yako. Ukiwa kwenye 50, lami kavu na breki nzima, unasimama ndani ya mita 28 hivi tangu ulipoona hatari. Kwenye 80 ni kama 57. Kwenye 100 ni zaidi ya 80. Mtoto akitokea mita 40 mbele yako, wa 50 anasimama na nafasi inabaki, wa 80 anafika akiwa bado na mwendo mkali.

Ondoka alfajiri, ufike mchana. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo giza la njia hii lina mwendo kuliko zamani. Lori bovu likilazwa barabarani, mara nyingi alama yake ni matawi ya miti tu. Ukiona majani kwenye lami, ondoa mguu kwenye mafuta hapohapo.

Kama inawezekana, familia ipande treni ya SGR, takriban saa 3 na nusu hadi Dodoma, vyombo vije na lori, wewe uje na gari jepesi na mtu mmoja wa kukuamsha. IST iliyojazwa magodoro hadi kioo cha nyuma kizibike haifai kwa safari ya kwanza.

Na mnakuja Desemba, msimu wa mvua unapoanza. Mvua za kwanza ndizo mbaya, vumbi na mafuta ya miezi saba vinageuka sabuni juu ya lami. Siku hizo kwenye 80 nenda 60. Makorongo ya Dodoma yanashusha maji ya mvua iliyonyesha milimani wakati ulipo wewe ni pakavu. Maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 30 yanatosha kulinyanyua gari dogo. Ukikuta maji ya udongo yanakatisha barabara na huoni lami chini, zima gari usubiri. Mara nyingi yanapungua ndani ya saa chache. Usimfuate Land Cruiser aliyepita, ana uzito na kimo ambacho huna.

---

Mwl_Ilazo

Kwa watoto, dada au kaka Mbezi, niseme wazi: basi la shule ulikague kama unavyokagua shule yenyewe. Nenda saa 12 asubuhi likiwa kazini, siyo ofisini kwa mkuu wa shule. Hesabu watoto na siti. Watoto wanne kwenye siti ya watatu maana yake hakuna aliyefunga mkanda. Angalia kama kuna mtu mzima wa pili zaidi ya dereva, na kama ndiye anayefungua mlango.

Swali kubwa kuliko yote: wanashushwa upande gani? Mtoto wa miaka 9 bado hajaweza kukadiria mwendo wa gari. Anaona liko mbali, haoni linakuja kasi. Aliyeshushwa ng'ambo ya barabara anakimbia kupitia mbele ya basi, na dereva anayelipita basi hamwoni mpaka yuko mbele ya bampa. Omba kwa maandishi washushwe upande wa kwenu. Ikishindikana, mtu mzima awe pale amewashika mkono, na wavuke basi likishaondoka, wakiona pande zote mbili. Begi lishonewe kipande cha rifleta kama cha jaketi la bodaboda, maana wanatoka bado kiza.

Ndani ya IST wakae nyuma. Wa miaka 4 apate kiti chake chenye mikanda yake. Wa miaka 9 apate kiti cha kumwinua, ili mkanda upite begani na chini kwenye nyonga. Ukipita shingoni na tumboni, siku ya breki kali unamkata. Mkanda wa katikati ukiwa wa kiunoni tu, hapo asikae mtoto. Kumpakata ni mapenzi, lakini kwenye 50 mikono ya mzazi haimshiki.

Bodaboda kwa dharura, abiria mmoja, helmeti imefungwa kidevuni. Mishikaki ya watoto watatu kwenye pikipiki moja utaiona kila asubuhi. Usiizoee.

Wewe mwenyewe ukifika kwenye zebra na gari la pembeni limesimama, simama. Limesimama kwa sababu ya mtu ambaye wewe humwoni.

---

Nzuguni_B

Naongeza dogo. Barabara kuu zinasimamiwa na TANROADS, za mitaa TARURA. Zebra ikifutika au tuta likikosa alama, peleka barua kwa husika na nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, ukitaja mahali hasa. Nyumba yenye alama ya X (ya kubomolewa) ukutani usipange, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Na barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3 kupitia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, mahali lami ni mpya watu wa vijiji vya kando wanaitumia kwa miguu na baiskeli. Ione kama mtaa, siyo kama uwanja wa kukimbilia.

---

Mbezi_Mwisho

Nimepata nyumba nzuri Nzuguni, bei inalipika, lakini iko kaskazini mwa barabara. Niiache?

---

Nzuguni_B

Usiiache kwa hilo peke yake. Jioni usikunje kulia pale. Pitiliza hadi kipilefti kinachofuata, zunguka, waliomo ndani wana haki ya kupita kwanza, kisha rudi ukiwa upande wa nyumba na ukunje kushoto. Siku ile ya kujaribu njia, pima mzunguko huo unakuongezea dakika ngapi. Zikiwa chini ya kumi, lipa kodi. Kama hakuna kipilefti cha karibu, muulize mwenye nyumba kama kuna njia ya nyuma ya kuingilia mtaani, na uipite mwenyewe siku ya mvua kabla hujasaini.